Nusu Kidonge Kila Mmoja

Nyuma ya kiwanda cha zamani cha magunia kulikuwa na mtaa. Nyumba zake zilibanana, bati kwa bati. Njia zake zilikuwa nyembamba sana. Watu wawili wakikutana, mmoja hujibana ukutani ili mwenzake apite. Wengi waliokaa pale waliwahi kufanya kazi kiwandani, au wazazi wao walifanya. Kiwanda kilipofungwa hawakuwa na pa kwenda. Wakabaki.

Katika nyumba yenye mlango wa kijani waliishi mzee mmoja na mkewe. Mzee aliendesha mashine kiwandani kwa miaka ishirini na minane. Majirani walimwita Mzee Redio, kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Alianza kuzungumza akipiga mswaki. Alimsalimia kila aliyepita, akamuuliza habari za watoto, akamsindikiza kwa maneno mpaka mwisho wa njia. Akikosa mtu, alizungumza na kuku wa jirani.

Mkewe alikuwa mtu wa maneno machache. Kazi yake ilikuwa kushona magunia yaliyotoboka. Alitumia shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Basi watu wakamwita Mama Shazia.

"Mimi na mke wangu tumegawana sawa," Mzee Redio alipenda kusema. "Mimi nimechukua maneno, yeye amechukua kazi."

Mama Shazia alicheka kwa pua tu, bila kuinua uso kwenye gunia.

Wote wawili walikuwa na presha, yaani shinikizo la damu. Mzee alikuwa na kadi ya bima ya afya aliyoachiwa na kiwanda. Kila mwezi alitembea saa moja na nusu hadi hospitali, akarudi na vidonge thelathini katika bahasha ndogo. Lakini kadi ile ilikuwa ya mtu mmoja. Mama Shazia hakuwa na kadi. Alipimwa mara moja tu, siku wahudumu wa afya walipokuja sokoni. Walimwandikia dawa kwenye karatasi. Karatasi ile aliikunja akaiweka chini ya godoro.

Siku moja Mzee aliikuta karatasi ile chini ya godoro, akaichomoa akaisoma. Kisha akachukua kidonge chake, akakiweka juu ya kisahani, akakikata katikati kwa wembe.

"Presha yangu na presha yako ni ndugu," alisema. "Shika nusu yako."

"Na wewe je?"

"Mimi? Mimi mzima kabisa. Husikii ninavyozungumza?"

Tangu siku ile, kila asubuhi baada ya chai, kidonge kimoja kilikatwa. Nusu ya mume, nusu ya mke. Mwaka mzima ukapita. Hawakumwambia mtu yeyote, hata binti yao ambaye alikuwa mpishi katika shule ya msingi na aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao.

Siku moja mtaani alikuja mhudumu mpya wa afya ya jamii. Alikuwa msichana mrefu, mwenye mkoba wa buluu begani. Alipita nyumba kwa nyumba, na haikupita wiki watu wakawa wanamwita Dada Mkoba. Alipofika kwenye mlango wa kijani, Mzee alimpa kiti, akamweleza historia yote ya kiwanda tangu mashine ya kwanza. Dada Mkoba alisikiliza huku akimfunga kipimo cha presha mkononi.

"Baba, nyamaza kidogo. Ukizungumza kipimo kinadanganya."

Mzee akanyamaza kwa shida. Dada Mkoba akasoma kipimo. Akapima tena.

"Mia na themanini kwa mia na nane. Iko juu sana, baba. Dawa unameza?"

"Kila siku. Sijaruka hata siku moja. Muulize mama huyu."

"Kidonge kizima?"

Mzee Redio akakosa neno. Jirani wa upande wa pili wa ukuta alisimamisha kazi yake akasikiliza, maana kimya kama kile hakukizoea.

Mama Shazia ndiye aliyejibu. Alileta kisahani na wembe, akaviweka mbele ya mgeni. "Tunagawana," alisema. "Nusu yake, nusu yangu."

Dada Mkoba hakuwagombeza. Alikisogeza kile kisahani kando. Kisha akampima Mama Shazia pia. Presha yake nayo ilikuwa juu.

"Wazazi wangu," alisema, "mmependana kweli. Lakini dawa haifanyi kazi hivyo. Daktari alimpima baba, akaona kidonge kizima ndicho kinachomtosha. Akimeza nusu, presha inabaki juu. Na presha haipigi kelele. Unaweza kuwa nayo, usisikie maumivu yoyote, ukajiona mzima. Huku ndani inaharibu mishipa, moyo na figo."

"Na mama je?" Mzee aliuliza.

"Mama anahitaji kupimwa mwenyewe. Pengine dawa inayokufaa wewe haimfai yeye. Kila mtu na dawa yake, na kipimo chake."

"Sawa, mwanangu. Nimekuelewa." Mzee aliinama, akaokota kipande cha uzi wa gunia sakafuni. "Sasa niambie. Kesho asubuhi nimeze kizima, huku mke wangu amekaa pale ananitazama?"

Dada Mkoba alifungua daftari lake, akaandika jina la mama.

"Nipe wiki moja," alisema. "Nitauliza kuhusu kadi ya mama. Lakini wewe anza kumeza kizima kesho. Tafadhali, baba."

Mzee aliitikia. Lakini asubuhi iliyofuata alichukua wembe kama kawaida.

Siku ya nne, Mzee alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai mkononi. Alikuwa akimsimulia jirani yake, fundi bati, jinsi mkanda wa mashine ulivyowahi kumvua msimamizi suruali. Fundi bati alikuwa ameshaanza kucheka. Ghafla maneno ya Mzee yakaburuzika. Mdomo wake ukapinda upande mmoja. Mkono wa kulia ukalegea na kikombe kikaanguka.

Mama Shazia alitupa gunia. Akamdaka mumewe kabla hajafika chini. Kisha akapiga ukelele. Majirani walitoka mbio, kila mmoja akiuliza ni nani huyo aliyelia, maana sauti ile hawakuitambua.

Fundi bati hakusubiri. Alimwaga mabati yote yaliyokuwa kwenye mkokoteni wake. Wakamlaza Mzee juu ya magunia, wakausukuma mkokoteni mpaka barabarani. Huko walipata gari, wakafika hospitali.

"Ni kiharusi," daktari alisema. "Mshipa wa damu kichwani umeziba. Mmefanya vizuri kumkimbiza. Mtu akipinda mdomo, mkono ukilegea, maneno yakikwama, msimsubiri apate nafuu nyumbani. Kila dakika ina thamani."

Mzee alinusurika kifo. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa mzito kama si wake, na maneno hayakuja. Alimtazama mkewe, akajaribu, ikatoka sauti tu.

Binti yao alifika akiwa bado na aproni ya jikoni. Akamkuta mama yake amekaa kando ya kitanda, ameushika ule mkono mzito, anaukanda kidole kimoja kimoja.

"Mimi ndiye niliyekula dawa yake," Mama Shazia alisema. Akamweleza binti yake habari yote.

"Mama! Mngeniambia."

"Tukwambie ili iweje? Una watoto wanne."

Binti akapiga magoti, akaegemeza kichwa mapajani mwa mama yake. Wakalia pamoja, polepole, ili mgonjwa asisikie. Lakini Mzee alisikia. Aliinua mkono wake wa kushoto, ule mzima, akaupapasa uso wa mkewe. Akatikisa kichwa. Hapana. Akatikisa tena. Hakuwa na maneno, lakini walimwelewa.

Siku iliyofuata Dada Mkoba alikuja wodini. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikaa ukingoni mwa benchi.

"Nimeuliza," alisema. "Halmashauri ina bima ya afya kwa wakazi wote. Familia ikishindwa kuchangia, halmashauri inailipia. Mama anastahili. Aende mtu na kitambulisho ofisini akamwandikishe."

Binti hakukawia. Alipomaliza kugawa chakula cha watoto shuleni, alikwenda moja kwa moja. Karani wa bima alikuwa kijana mpole, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri.

"Mnaishi mtaa gani?"

"Nyuma ya kiwanda cha magunia."

Karani alifungua kitabu kikubwa. Akapitisha kidole juu mpaka chini. Akarudia.

"Haumo."

"Haumo vipi? Mimi nimezaliwa pale."

"Dada, mimi sikatai. Kitabu ndicho kinachokataa. Ardhi ile bado inasomeka kuwa ni ya kiwanda. Kwa karatasi, pale hapaishi mtu."

Binti alitoka ofisini akitembea kama mlevi. Alipomkuta Dada Mkoba alimsimulia yote kwa hasira.

"Nilitaka kumzaba kibao."

"Afadhali hukumzaba. Yule hana uwezo. Anasoma kilichoandikwa na wengine."

"Wameandika kina nani?"

"Kamati ya afya ya halmashauri. Kila mwaka inaipitia upya orodha ya mitaa inayohudumiwa. Na mkutano wake uko wazi kwa wananchi. Mtaa unaweza kuandika barua, ukaomba kusikilizwa. Shida ni kwamba watu wengi hawajui. Basi mikutano inapita, viti vya wananchi vitupu."

"Kwa hiyo si mama peke yake," binti alisema polepole. "Ni mtaa mzima."

"Ni mtaa mzima."

Jumapili mchana watu walikusanyika kwenye jukwaa la saruji ambako zamani malori ya kiwanda yalipakia magunia. Mzee alikuwa amesharuhusiwa kurudi nyumbani. Walimkalisha kwenye kiti, amefunikwa shuka miguuni. Watu walikuja kumpa pole mmoja mmoja. Iliwauma kumwona yuko kimya.

Dada Mkoba alieleza habari ya kamati. Fundi bati akasimama.

"Mimi nina wasiwasi," alisema. "Miaka yote tumeishi hapa kwa kujificha. Leo twende tukajitangaze wenyewe? Kesho si wataleta tingatinga?"

Watu wakaguna. Wengi walikuwa na hofu hiyo hiyo.

"Kaka, sitakudanganya," Dada Mkoba alijibu. "Habari ya ardhi si kazi yangu, na siwezi kukuahidi kitu. Lakini nimeusoma mwongozo wa bima mstari kwa mstari. Unasema bima ni ya mkazi. Hausemi mwenye kiwanja. Na mkazi, mwongozo unasema, ni mtu ambaye makao yake ya kila siku yako ndani ya eneo la halmashauri. Sisi hatuombi hati ya nyumba. Tunaomba matibabu."

Fundi bati bado alikuwa amesimama, mikono kiunoni. Ndipo Mama Shazia akainuka. Wengi hawakuwahi kumsikia akizungumza mbele ya watu.

"Shemeji," alimwambia fundi bati, "wewe ndiye uliyemwaga mabati yako ukambeba mume wangu. Sitasahau. Lakini mume wangu alikuwa na kadi. Alipofika walimpokea. Siku ukianguka wewe, sisi tutasukuma mkokoteni. Tutakufikisha. Je, tutakapoulizwa kadi, tuseme nini?"

Akakaa. Fundi bati aliitazama mikono yake yenye makovu ya mabati. Kisha akakohoa.

"Basi jina langu liandikeni la kwanza," alisema.

Kazi ikaanza. Dada Mkoba aliwafundisha jinsi ya kuhesabu. "Msiende na malalamiko matupu," aliwaambia. "Kamati itawasikitikia, kisha itawasahau. Nendeni na hesabu ya watu. Watu wangapi, watoto wangapi, wajawazito wangapi, wagonjwa wa muda mrefu wangapi. Na kila mlango, ombeni ruhusa kwanza. Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Msiuandike kando ya jina lake. Wekeni alama tu, kisha mjumlishe."

Mama Shazia na binti yake walizunguka wiki mbili na daftari la shule. Binti aliandika. Mama alibisha hodi, akasalimia, akakaa, akangoja. Hakuwa na haraka. Na kwa kuwa hakuwa na maneno mengi, watu walimwaga ya kwao.

Walikuta mambo mengi. Kulikuwa na dada wawili wenye pumu waliotumia dawa moja ya kuvuta, mmoja akikaa nayo mchana, mwingine usiku. Kulikuwa na mama aliyehifadhi dawa ya maji ya homa iliyobaki kwa mtoto wa kwanza ili ampe mtoto wa pili. Kulikuwa na msichana mwenye mimba ya miezi saba, hajakanyaga kliniki hata mara moja.

"Kumbe hatukuwa peke yetu," Mama Shazia alimwambia mumewe jioni moja akimlisha uji. "Mtaa mzima unakata vidonge."

Walipojumlisha, walipata nyumba mia moja sitini na nne. Watu thelathini na saba walikuwa wameshawahi kuambiwa wana presha au kisukari. Kati yao, ishirini na tisa hawakuwa wakipata dawa ipasavyo. Wajawazito walikuwa kumi na mmoja.

Binti aliandika barua kwa mwandiko wake mzuri. Waliomba mtaa uingizwe kwenye orodha ya bima. Waliomba pia uandikishaji ufanyike mtaani, kwa sababu wazee na wagonjwa hawawezi kutembea mpaka mjini. Na waliomba huduma ya mkoba, yaani wauguzi waje na dawa na vipimo mpaka mtaani kwa siku maalumu.

"Hiyo ya mwisho mmeniombea mimi," Dada Mkoba alisema, akaupigapiga mkoba wake, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi watu wakacheka.

Wenye kalamu walitia sahihi, wengine walitia dole gumba. "Toeni nakala," Dada Mkoba alisisitiza. "Mkiipeleka, hakikisheni wanagonga muhuri kwenye nakala yenu, pamoja na tarehe. Barua isiyo na muhuri huwa inapotea."

Kwa siku ya mkutano, ilipangwa kwamba binti ndiye atakayezungumza. Mkutano wenyewe ulikuwa uanze mchana, baada ya watoto wa shule kula. Lakini asubuhi zikaja habari kwamba ajenda zimebadilishwa, mtaa wao utasikilizwa saa nne.

"Siwezi kutoka," binti alisema, machozi yakimlengalenga. "Watoto mia tatu wananingoja. Mama, itabidi wewe."

"Mimi? Mimi sijui kuzungumza, mwanangu. Baba yako ndiye aliyekuwa anazungumza."

Mzee Redio alikuwa amekaa kitini. Alijinyanyua kwa fimbo. Akaenda hadi kwenye kamba ya nguo, hatua moja moja, akachukua mtandio mzuri wa mkewe kwa mkono wa kushoto. Akamletea.

Walikwenda pamoja na watu ishirini wa mtaa, Mzee akiwa juu ya mkokoteni wa fundi bati. Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Mbele walikaa wajumbe saba. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo shingoni. Pembeni yake alikaa mganga mkuu wa hospitali.

Jina la mtaa liliposomwa, mjumbe mmoja aliinua mkono. "Mwenyekiti, eneo lile si makazi rasmi. Tukianza na hao, kila mtu atajenga popote kisha aje kudai huduma."

Mwenyekiti akawatazama watu wa mtaa. "Nani anawasemea?"

Mama Shazia alisimama. Aliliweka daftari mezani.

"Mheshimiwa, shikamoo. Mimi nashona magunia. Kuzungumza sijui. Huyu hapa ni mume wangu. Amefanya kazi katika kiwanda kile miaka ishirini na minane. Ana kadi. Mimi sina. Basi kila siku alikata dawa yake, akanipa nusu. Alinionea huruma. Akapata kiharusi."

Alilisogeza daftari mbele yao. Mzee alikuwa ameshika ncha ya mtandio wa mkewe.

"Tumehesabu. Hesabu iko humo. Sina haja ya kuirudia, ninyi mnajua kusoma. Nina swali moja. Karatasi yenu inasema kule hapaishi mtu. Sawa. Lakini juzi, pale ambapo hapaishi mtu, amezaliwa mtoto. Ni wa kike. Yuko hapo nje kwenye ngazi, mama yake anamnyonyesha. Nikitoka nimwambie nini? Kwamba mwanawe hajazaliwa?"

Yule mjumbe aliyeinua mkono akashusha macho kwenye mwongozo uliokuwa mbele yake. Mwenyekiti akavaa miwani.

"Daktari," alimwambia mganga mkuu, "mzee huyu amelala kwetu siku ngapi?"

"Siku kumi na moja, mwenyekiti. Na bado anakuja kwa mazoezi. Ukweli ni kwamba dawa za presha za mama huyu kwa mwaka mzima zingetugharimu kidogo kuliko siku hizo kumi na moja. Kuwaacha nje hakutupunguzii mzigo. Wanatufikia wakiwa wameshazidiwa."

Mwenyekiti aliufungua mwongozo, akasoma kwa sauti pale palipoandikwa mkazi. Akaupitia mpaka mwisho, akaufunga.

"Suala la ardhi si letu," alisema. "Suala la ukazi ni letu. Na hawa wameishi pale kabla baadhi yetu hatujaoa."

Wajumbe walipiga kura. Watano walikubali, wawili walikataa. Mtaa uliingizwa kwenye orodha. Uandikishaji ungefanyika pale pale mtaani. Huduma ya mkoba ilikubaliwa kwa majaribio ya miezi sita, mara mbili kwa mwezi.

Nje, Mama Shazia alikaa kwenye ngazi karibu na yule mzazi. Mzee akakaa kando yake. Akageuka, akamtazama mkewe kama siku aliyomwona mara ya kwanza. Akakunja uso kwa juhudi.

"Ume... sema," alitamka.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu alipougua. Mama Shazia akajifunika mtandio usoni, akacheka na kulia kwa pamoja.

Mambo hayakwenda haraka. Wiki tatu zilipita, hakuja mtu. Binti alirudi ofisini na ile nakala yenye muhuri. Akaambiwa asubiri. Alirudi tena. Mara ya tatu alikwenda na wenzake kumi, wakasalimia vizuri, wakakaa kwenye benchi mpaka wakapewa tarehe.

Tarehe ilipofika, karani wa shati lililopigwa pasi alikuja mtaani na meza ya kukunja. Watu walipanga foleni kuanzia jukwaa la saruji mpaka kwenye bomba la maji. Fundi bati alikuwa wa kwanza, kama alivyotaka. Wauguzi walipomfunga kipimo, presha yake ilikuwa juu kuliko ya Mama Shazia.

"Haiwezekani," alisema. "Mimi nabeba mabati mazima."

"Kaa chini, shemeji," Mama Shazia alimwambia. "Hata mimi nabeba magunia."

Naye alipimwa ipasavyo, damu, mkojo na moyo. Daktari akaona figo zake zina udhaifu kidogo. Dawa aliyopewa haikuwa kama ya mumewe. Dada Mkoba alimtazama tu, naye akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameelewa.

Miezi sita ilipokwisha, huduma ya mkoba haikuondolewa. Presha ya Mama Shazia ilikuwa imeshuka, na ya Mzee pia. Yule msichana wa mimba ya miezi saba alikuwa amejifungulia hospitali, salama. Wale dada wawili kila mmoja alikuwa na dawa yake. Mzee alifanya mazoezi ya kuzungumza na wajukuu wake kila alasiri. Walimfundisha maneno kama anavyofundishwa mtoto, naye akajifanya kukosea ili wacheke.

Asubuhi moja wanawake watatu walipiga hodi kwenye mlango wa kijani. Miguu yao ilikuwa na vumbi jeupe. Walitoka machimbo ya mawe, ng'ambo ya mto.

"Tumesikia habari zenu," mkubwa wao alisema. "Sisi tuko watu wengi kule. Ofisini wanatuambia kwamba hatumo. Tunamwomba mama aje atuonyeshe pa kuanzia."

Mama Shazia aliutazama mlima wa magunia uliokuwa ukimngoja. Kisha akamtazama mumewe.

"Nenda," Mzee alisema. Alivuta pumzi, akapanga maneno. "Chakula... nitapika mimi."

"Utakiunguza."

"Nitakiunguza... kidogo."

Wageni wakacheka. Mama Shazia alivaa viatu vyake, akajitanda mtandio, akatoka nao kwenye ile njia nyembamba. Walitembea mmoja nyuma ya mwingine, yeye mbele.

"Haya," aliwauliza bila kugeuka, "nyumba zenu ziko ngapi?"

"Hatujawahi kuzihesabu, mama."

"Basi leo tutazihesabu."